Uongo Niliomwambia Jenerosa

Wakati wa korona, shule zilipofungwa na kufunguliwa tena, vijana wengi waliletwa kliniki kwetu wakiwa hawalali, hawali, na wengine wamenyamaza kabisa. Mmoja wenu ninyi wauguzi vijana, sitamtaja, aliniuliza, "Mzee Zakaria, umewahi kuona jambo kama hili? Ugonjwa unapita kwenye miili ya wazazi, halafu unabaki kwenye vichwa vya watoto?" Mlangoni kulikuwa na foleni, kwa hiyo nilimjibu kwa kifupi kwamba nimewahi, na kwamba nikipata nafasi nitamweleza. Sasa nimestaafu na nafasi ninayo, tena nyingi kuliko mke wangu anavyopenda. Basi naandika.

Habari za vyeo naziacha. Vilikuja kwa kuchelewa na havikumponya mtu.

Nilifika hospitali ya Kibondo mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Dodoma, nilikosomea uuguzi wa magonjwa ya akili. Mimi ni Muha wa Kasulu, kwa hiyo baridi ya asubuhi na udongo mwekundu havikunishangaza. Kilichonishangaza ni chumba. Muuguzi mkuu, Mzee Barnabasi Ntahena, alinizungusha nyuma ya wodi, akafungua stoo iliyojaa machela mabovu na mifuko ya chokaa, akasema, "Hii ndiyo kliniki yako. Ukiondoa takataka utakuta ina dirisha."

Kweli lilikuwepo. Nilipewa meza, viti viwili visivyolingana urefu, daftari la mahudhurio, boksi la vidonge vya kifafa, chupa chache za sindano ya kutuliza, na baiskeli ya Kichina yenye breki ya nyuma tu. Miezi ya kwanza wagonjwa wangu walikuwa wa kifafa, pamoja na bwana mmoja aliyekuja kila Jumatatu kutaka nimwandikie barua ya kuthibitisha kwamba yeye si kichaa. Mwishowe nilimwandikia. Alipoondoka nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sina barua ya namna hiyo.

Mzee Barnabasi alikuwa mtu wa Gwarama, mrefu, mkimya, ambaye hakusomea mambo ya akili hata siku moja. Lakini alikuwa na njia yake. Akitaka kuzungumza na mgonjwa aliyekataa kusema, alikwenda jikoni kuchukua ungo wa maharage, akaketi naye, wakawa wanachambua mawe pamoja.

"Mtu anayechambua maharage halazimiki kukutazama usoni," aliniambia, "na wewe hulazimiki kumkodolea macho. Maneno yatakuja. Yasipokuja, maharage yatakuwa safi."

Mimi nilikuwa na cheti kutoka Dodoma. Nilimsikiliza kwa heshima, nikaendelea na sindano zangu.

Ukimwi ulikuwa umeshafika kwetu, ingawa hakuna aliyeutaja kwa jina. Kwenye mafaili tuliandika nimonia, kifua kikuu, kuhara kwa muda mrefu. Vijana waliosikiliza redio waliuita "ngoma" au "umeme" huku wakicheka. Watu wazima walisema "huu ugonjwa" na kushusha sauti. Wakimbizi kutoka Burundi walipoingia kwa wingi, wengine wakawatwisha wao lawama za ugonjwa uliokuwa umewatangulia. Dawa za kupunguza makali hatukuwa nazo. Tulikuwa na sabuni, dawa ya vidonda, na maneno ya kufariji. Na hakuna aliyetufundisha kuuliza habari za watoto. Mgonjwa alipofariki tulifunga faili, na mtoto aliyekuwa akimwogesha akabeba sufuria lake akaenda nyumbani.

Jenerosa alikuwa mmoja wa watoto hao. Nilimwona kwanza katika wodi ya wanawake, akiwa na miaka kumi na sita, akimuuguza mama yake. Walitoka Busunzu. Baba yake, aliyekuwa akipeleka mihogo na maharage Kasulu kuuza, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ndugu wa baba walikuja wodini mara moja, wakasimama mlangoni, hawakurudi tena. Msichana alifanya kila kitu peke yake. Alimwogesha mama, alimsafisha vidonda kwa mikono mitupu, alimlisha uji, na uji uliobaki akaumaliza yeye kwa kijiko kilekile.

Wauguzi tulikuwa wachache, kwa hiyo nilishika zamu wodini pia. Siku moja mchana msichana alinifuata barazani.

"Shikamoo, dokta." Huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta, na nilishaacha kubisha.

"Marahaba."

"Mama anaumwa nini?"

"Malaria sugu," nikasema. "Na mapafu yamechoka kidogo."

"Inaambukiza?"

"Hapana. Wewe muuguze tu."

Alinishukuru. Alinishukuru kwa moyo, akarudi ndani kushika beseni. Nilikuwa na sababu ya kusema nilivyosema, nitaifikia. Lakini hata sababu hiyo haikunizuia kumpa glovu, na sikumpa. Wiki chache baadaye mama alirudishwa nyumbani, akafia huko.

Ukapita mwaka na zaidi. Asubuhi moja lori la mahindi lilisimama nje ya geti, na bibi mmoja mfupi aitwaye Nyamwiza akashuka na mjukuu wake akimshika kiwiko. Sikumtambua Jenerosa mpaka nilipoliona jina. Uso ulikuwa umeisha, mikono imepasukapasuka kama ya mtu anayeshinda kwenye magadi.

Bibi alieleza. "Ana sahani yake, ana kikombe chake, hali na mtu. Ananawa kwa majivu mpaka damu inatoka. Mdogo wake Adela alikunywa kwenye kikombe chake, akampiga mpaka majirani wakaja. Huyu hajawahi kupiga mtu, dokta. Sasa wiki mbili hasemi, na chakula anakisukuma. Watu wanasema karogwa."

Nilimwita kwa jina, hakujibu. Nilimuuliza maswali manne ya kitabuni, akatazama ukuta. Nikaandika kwenye faili jina kubwa la ugonjwa wa akili, nikamdunga sindano ya kutuliza, nikamlaza.

Kesho yake asubuhi shingo ilikuwa imepinda upande na taya limekaza. Dawa ile huwafanya hivyo baadhi ya watu. Nilikuwa nimelisoma hilo, lakini sikuwahi kuliona kwa msichana mwembamba anayenitazama kwa pembe ya jicho akiwa hawezi kugeuka. Nilimpa dawa ya kulegeza misuli. Mzee Barnabasi aliingia, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Ulimuuliza nini kabla ya sindano?"

"Hasemi, Mzee."

"Kwa hiyo ukamnyamazisha zaidi."

Shingo iliponyooka, alileta ungo wake wa maharage.

Walichambua siku mbili bila neno. Mimi nilikaa mezani nikijifanya naandika. Siku ya tatu Mzee alinyoosha mkono upande wa msichana, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake, kavu kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Mzee, usishike hayo niliyoshika mimi."

Mzee Barnabasi aliyachota hayohayo, akayamwaga kwenye kiganja chake, akaendelea kutafuta mawe. "Yana nini?"

"Ninao."

"Nani kakuambia?"

Ikatoka polepole. Mgeni mmoja alikuwa amekuja kijijini kutoa semina ya Ukimwi, pale ofisi ya kata. Alieleza dalili, na Jenerosa, aliyekaa kwenye benchi la nyuma, akamwona mama yake dalili baada ya dalili. Kisha mgeni akasema ugonjwa unapita kwenye damu.

"Nikakumbuka vidonda," alisema. "Nikakumbuka kijiko. Adela ana miaka tisa, Simoni ana sita. Nikifa watabaki peke yao na Bibi. Nikibaki nitawaua. Nimefikiria niende mto Malagarasi nisirudi, lakini nikaona watanitafuta, na wataugusa mwili."

Aligeuza kichwa, akanitazama mimi. "Huyu dokta aliniambia malaria."

Nilitoka pale mezani nikapiga magoti karibu naye, nikasema jambo la kwanza lililonijia: "Huna, Jenerosa. Nina hakika huna."

Mzee Barnabasi alinishika mkono, akanitoa mpaka barazani, tena barazani palepale. "Una mashine ya kupimia damu machoni?"

"Nilitaka kumtuliza, Mzee."

"Umeshamtuliza mara mbili, Zakaria. Mara ya kwanza kwa malaria, mara ya pili kwa sindano. Mwache kwanza."

Tulimwomba ruhusa, akakubali, tukachukua damu kupeleka Kigoma mjini. Kabla ya hapo Mzee alimweleza mambo mawili bila kupamba: kwamba jibu linaweza kuwa lolote kati ya mawili, na kwamba kwa lolote kati ya hayo yeye angekuwa pale siku ya kusomwa. Na kwa kuwa alishataja Malagarasi, hatukumruhusu kuondoka. Bibi alirudi kwa wajukuu wadogo, na tukapanga zamu ili Jenerosa asikae peke yake. Zilikuwa mvua za masika, magari yalikwama njiani, na jibu lilichukua wiki tano. Wiki hizo tano maharage ya hospitali yalikuwa safi kuliko ya hoteli.

Jibu likaja. Hakuwa nao. Nilikimbia nalo, nikamsomea mbele ya Mzee na mbele ya Bibi aliyekuja kumtazama. Bibi alipiga vigelegele. Jenerosa aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Na mama ilikuwa malaria," alisema.

Alianza kula kidogo, akawa anajibu salamu, akaomba kurudi kwao. Alimwahidi Mzee Barnabasi kwamba Malagarasi haendi, na ahadi ile tuliiamini, kwa sababu aliitoa akimtazama usoni. Lakini sahani yake aliondoka nayo.

"Sasa nifanye nini?" nilimuuliza Mzee. "Jibu nimempa."

"Karatasi haiwezi kukuombea radhi," alisema. "Una baiskeli."

Nilikwenda Busunzu Jumamosi iliyofuata. Ni mwendo wa saa kadhaa, na kwa breki moja mteremko ni mrefu kuliko mpando. Niliwakuta uani, mihogo imeanikwa kwenye mikeka, Bibi anapika, watoto wawili wadogo wanafukuza kuku. Jenerosa alinipa kigoda, akanisalimu, akaketi mbali kidogo. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalipotea yote.

"Jenerosa," nilisema, "mama yako alikuwa na Ukimwi. Siku ile uliponiuliza barazani nilikuwa najua. Nilikudanganya. Nikakuacha umshike bila glovu. Naomba unisamehe."

Bibi alishika mdomo, akatazama ua wa jirani. Neno lile halikuwahi kutamkwa katika mji ule. Watoto waliacha kuku.

Jenerosa aliugeuza muhogo mmoja kwenye mkeka. "Baba naye?"

"Nadhani ndiyo. Yeye hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa."

"Alipata wapi?"

"Sijui."

"Na ile karatasi?"

"Ile ni kweli. Kijiko hakiambukizi. Uji hauambukizi. Kumwogesha mtu kwa mikono isiyo na kidonda hakukupi ugonjwa. Ulikuwa kwenye hatari kidogo, kwa sababu yangu, na imepita zaidi ya mwaka. Ungekuwepo ungeonekana. Ukitaka kupimwa tena nitakuchukua damu hata kesho."

"Ego," alisema, kwa Kiha, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza tena.

Bibi alipakua ugali wa muhogo na maharage. Sinia moja ya watu wote, na pembeni, kwenye jiwe lake, sahani ya bati ya bluu iliyofungwa uzi mwekundu ili isichanganywe na vyombo vingine. Nilinawa. Kisha nikabeba kigoda changu, nikaenda kuketi karibu na lile jiwe, nikamega ugali kwenye sahani ya Jenerosa. Sikumwomba ruhusa, kwa sababu angekataa. Ugali ulikuwa wa moto sana, nikaungua ulimi, na siku ile haikuwa ya kulalamika.

Alinitazama nikitafuna. Alinitazama nikimeza. Nikamega tena.

Ndipo Adela akaja. Hakuna aliyemwita. Alichuchumaa kati yetu akanyoosha mkono kwenye sahani. Jenerosa aliinua kiganja, nikadhani anampiga. Kiganja kilibaki hewani. Mtoto naye hakuondoa mkono, alifumba macho tu akisubiri. Kisha kile kiganja kikashuka taratibu, kikatua kichwani kwa Adela.

"Nawa kwanza," Jenerosa akasema.

Bibi Nyamwiza alisimama, akasema moshi unamuumiza macho, akaenda nyuma ya nyumba.

Msidhani alipona siku ile. Vitabuni mgonjwa hupona mwisho wa ukurasa. Majivu aliyaacha baada ya miezi mingi, na mara mbili alirudi katika ukimya, mara moja siku nne, mara nyingine wiki nzima. Nilimfuata kila mwezi. Alipimwa tena kwa kuomba mwenyewe. Tangu wakati huo sikufunga faili la marehemu kabla ya kuuliza swali moja: nani alikuwa akimwogesha? Na huyo nikamtafuta. Niliwakuta Kitahana, Busunzu, hata nyuma ya soko la Kibondo, vijana wa miaka kumi na nne, kumi na saba, wanaolea wadogo zao, wengine wakali kupita kiasi, wengine walevi, wengine wapole mno kiasi cha kukutia hofu. Kijijini waliitwa watukutu au waliorogwa. Karibu kila mmoja nilimkuta na uongo wa mtu mzima ukiwa umemkaa kooni.

Jenerosa ndiye aliyenisaidia kuwakusanya. Walikutana Kitahana kila Jumamosi, wakilima shamba la mmoja wao kwa zamu, na mazungumzo yakafanyika kwenye matuta. Mzee Barnabasi aliposikia alicheka, akasema afadhali, maharage yalikuwa yanaisha.

Kati yao alikuwepo Festo, fundi baiskeli wa miaka kumi na minane, mcheshi, aliyejua maneno yote mapya ya Dar es Salaam ingawa hakuwahi kufika hata Tabora. Alitaka kupimwa. Jibu lake likawa lile lingine. Nilimwambia ukweli, kama nilivyojiapiza. Alinitukana, akaondoka, na miezi miwili hakuonekana. Aliporudi Jumamosi moja alichukua jembe bila salamu, na wenzake wakamwachia nafasi kwenye mstari. Aliishi karibu miaka miwili. Walimuuguza kwa zamu, wakiwa na glovu nilizowapelekea kwa baiskeli, na walijua wanachouguza. Wapo wenzangu waliosema nisingemwambia, angeishi miaka ile miwili bila kubeba jibu lile. Nimelifikiria sana. Ninachojua ni kwamba baada ya mazishi hakuna kijana hata mmoja katika wale aliyetengewa sahani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa Kasulu. Mzee Barnabasi alikuwa ameshastaafu na kurudi kwenye migomba yake Gwarama. Siku niliyokuwa nafunga vitu, asubuhi, Jenerosa alikuja kuniaga. Alikuwa mwanamke sasa, ameolewa, na mtoto wa miezi minne mgongoni. Adela alikuwa anamaliza darasa la saba. Tuliongea habari za Bibi, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na za mvua. Kisha akakaa kwenye kile kiti kifupi.

"Dokta, nina swali moja, na usinionee huruma."

"Uliza."

"Kwa nini ulisema malaria? Nimekutazama miaka yote hii. Wewe si mtu wa uongo."

Nilikuwa nimeepuka swali hilo tangu Busunzu. Kule nilibeba lawama yote peke yangu, kwa kuwa niliona nusu yake ya pili ni nzito mno kwa mtoto. Lakini aliyekaa mbele yangu hakuwa mtoto, na mimi nilishaahidi kutomdanganya.

"Mama yako aliniomba," nikasema.

Hakujongea.

"Siku moja kabla hujaniuliza, aliniita kitandani, akanishika mkono wa koti. Akasema, 'Najua ninachoumwa, mume wangu alikufa nacho. Usimwambie Jenerosa. Akijua ataogopa kunishika, na mimi sina mwingine wa kunishika.'"

Kwenye dirisha la dawa za kifafa mtu alikuwa akiita majina. Mtoto mgongoni alianza kulialia, na Jenerosa akainuka, akawa anamtikisa taratibu, akitazama nje. Nilingoja hasira, nikaona ni haki yake. Alikaza mbeleko, akajifuta uso kwa upande wa kiganja.

"Masikini mama," akasema. "Ningemshika tu."